Kiini na Mzizi

Diski ya tatu ilikufa Januari.
Thorgils aliishusha mlimani ndani ya soksi ya sufu,
akaiweka mezani pa Hallbera kando ya kikombe,
kama mtu aletaye ndege aliyegonga dirisha.
"Baridi," akasema. "Na upepo. Kibanda kizima hutetemeka."
Kule juu ya Hvítahorn mashine husikiliza theluji:
waya kumi na mbili ardhini, sikio moja,
na chini ya sikio mji wa watu mia sita, wamelala.

Hallbera aliitikisa diski. Ikacheza ndani
kama kokwa iliyokauka.
"Basi," akasema, "haitakuwa na diski."

Nami, mwanagenzi wake majira yale, nikauliza:
mfumo utasimama juu ya nini?
Kiini huamka gizani na swali moja tu,
mzizi uko wapi?
na kisipoonyeshwa hufa palepale,
kwa mstari mmoja mweupe.

Saa nne usiku. Hatukuwa tumekula.
Akapasua yai kikaangoni.
"Tazama kiini hiki. Kifaranga hatumi mtu dukani.
Chakula chake kimo humo alimo."

Tukaanza kupunguza.
Tukatandaza faili sakafuni mwa skrini
kama wanaohama na mkoba mmoja.
Kisoma-vihisi, kibaki.
Kamusi ya tahajia (nani aliiweka humu?), itoke.
Saa za miji yote duniani, zitoke;
theluji haiulizi Lima ni saa ngapi.
Programu mia tukazikunja zikawa moja
inayobadili jina kila inapoitwa,
kama mwanamke yule yule aliye mama, shangazi, wifi,
kutegemea ni nani anayebisha hodi.

Ndani ya kiini tulikuwa tumeacha shimo,
megabaiti nne za sufuri tupu,
kibaba kinachongoja kujazwa.
Na kibaba ni kibaba: tulizidi kwa kiganja kimoja.
Kiini kikawaka, kikauliza swali lake, kikafa.
Mara kumi na saba. Nilichora vijiti kwa penseli ukutani.

Alfajiri, ndani ya folda ya majaribio,
Hallbera akakuta picha ya mbwa wake, Lubbi,
aliyoitumia zamani kupima kasi ya laini.
Akaitazama kitambo.
Akaifuta.
Tukaenea.

Tangu hapo mashine ikipata umeme hujikunjua yenyewe:
kumbukumbu inakuwa sakafu, kuta, kabati.
Hakuna kinachozunguka. Hakuna kinachokwaruza.

Machi Thorgils alipanda kupangusa barafu kwenye antena,
dhoruba ikamfungia siku mbili.
Akakaa mbele ya kibodi, akaandika
mistari arobaini, alisema, labda na zaidi,
kuhusu kaka yake Ketill na baridi ya mwaka ule.
Hajawahi kuandika kitu kirefu hivyo.
Mashine ikamjibu: imehifadhiwa.
Haikudanganya. Ilihifadhi pale ilipo na pa kuhifadhi.

Usiku umeme ukakatika, sekunde nne.
Ikaamka safi, kama ilivyotoka mikononi mwetu,
ikatega sikio mlimani
bila kujua kwamba chumbani mna mtu.

Alipotuhadithia, Hallbera alishika shavu.
"Ningekuonya. Kumbukumbu ile haikumbuki."
Thorgils akajimiminia kahawa.
"Theluji ilisikika?"
"Ilisikika. Tuliwaamsha watu wa barabara ya chini."
"Haya basi," akasema, akatafuta sukari.

Vuli, toleo jipya likapita mikononi mwangu nilikague.
Kibaba kilikuwa kimepanuliwa kidogo, bila maelezo.
Kati ya folda za mfumo nikaona moja ngeni,
jina lake Ketill, ndani haina kitu.
Nikatafuta programu inayoihitaji. Hakuna.

Sikuifuta.
Kila umeme unaporudi Hvítahorn,
kabla ya waya kusikia chochote,
inaamka nayo.